Hewa ya Dodoma na uhai wa mashine za kaseti

Mbukwenyi! Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wadogo zangu mliokaa chini kwa kukosa viti, asanteni kwa kuvumilia. Mliokaa chini ndio mtakaoona vizuri, maana mengi ya leo yako hapa mezani.

Nimeweka mashine mbili za gemu za kaseti, ndugu wa tumbo moja, zote zimepita miaka 25. Nimezifungua. Hii ya kushoto iliishi Dar es Salaam, mtaa wa karibu na bahari. Hii ya kulia haijawahi kutoka Dodoma. Nilipewa na bibi mmoja wa hapa mjini, mtaa wa Kikuyu, aliyeikuta juu ya kabati, imefungwa kwenye khanga. Wawili watatu sogeeni. Angalieni skrubu za hii ya pwani: zimeliwa na kutu hadi bisibisi haina pa kushika. Miguu ya IC, hivi vidude vyeusi vya kwenye bodi, imeota ukoga wa kijani, na hapa pembeni njia moja ya shaba imekatika kabisa. Nimeiungia waya mwembamba kama unywele, ikawaka, lakini baada ya muda inakatika kwingine. Hii ya Dodoma nilipoifungua ilitoa vumbi jekundu la kujaza kiganja. Nikalipangusa kwa brashi kavu ya rangi. Chini ya vumbi, risasi ya kulehemu bado inang'aa kama imechomwa jana.

Hilo ndilo lililonileta. Sisi tumezoea kulalamikia ukame wa mji huu, na kwa mkulima malalamiko hayo ni ya haki. Lakini ukavu huohuo ni hifadhi. Mvua zetu ni za kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, zikikubali. Miezi mingine yote hewa ni kavu. Akiba ya mahindi ya taifa inalala kwenye maghala ya Kizota, na kila mwenye ghala anajua kwamba unyevu ndio adui wa kwanza wa nafaka. Bodi ya ndani ya mashine ina adui huyohuyo. Kwa hiyo nasema mashine za zamani za nchi hii zitunzwe hapa Dodoma, na zitunzwe zikiwa hai, zinawashwa na kuchezwa. Iliyokaa kabatini miaka 20 bila kuguswa inakufa polepole hata kwenye hewa nzuri, nitaeleza kwa nini.

Kwanza tumjue aliyetupa kaseti. Mashine za gemu za mwanzo zilikuja na gemu zake ndani. Ukizichoka, umechoka mashine nzima. Mwaka 1976 Marekani ilitoka mashine inaitwa Channel F, ya kampuni ya Fairchild, ambayo gemu yake unaichomoa na kuchomeka nyingine. Aliyeongoza kazi hiyo ni mhandisi Mmarekani mweusi, Jerry Lawson. Vijana wengi wanaomjua kila mchezaji wa mpira hawajawahi kulisikia jina hili, na mimi linaniuma. Julai 1983 Nintendo ya Japani ikatoa Famicom, na hizi mbili hapa mezani ni nakala za Famicom zilizotoka viwanda vingine vya Asia. Nakala ndizo zilizotufikia wengi wetu.

Mimi nilizikuta Chang'ombe mwishoni mwa miaka ya tisini. Nyumba moja ilikuwa na TV ya chogo ya inchi 14 na mashine kama hii, na mlangoni kaka mkubwa wa pale alikusanya shilingi 50, unapewa maisha matatu. Maisha yakiisha unampisha mwenzio. Nilijifunza kutazama kabla ya kucheza, kwa sababu hela ilikuwa ya mara moja na foleni ilikuwa ndefu. Hadi leo nikikaa mbele ya bodi iliyokufa, natazama kwanza.

Sasa oneni ufundi uliomo. Super Mario Bros. ya mwaka 1985, gemu nzima, ramani zake, muziki wake, maadui wake wote, ni kilobaiti 40. Picha moja uliyopiga na simu ukiingia humu ukumbini inaizidi mara nyingi sana. Na mashine yenyewe ina kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Waliwezaje? Walibana kila kitu. Wingu la juu na kichaka cha chini ni mchoro mmoja. Wamebadilisha rangi tu, nyeupe kuwa kijani. Mimi niliucheza mchezo huo miaka mingi bila kuliona hilo, na siku nilipoliona niliizima mashine nikakaa kimya. Mtu aliyekuwa na nafasi finyu kuliko sote alitengeneza kitu ambacho watoto wa mabara yote wamekicheza.

Haya, tutengeneze. Kaseti hii haiwaki. Najua mnachotaka nifanye: nipulize. Sote tulipuliza. Kilichokuwa kinaiwasha ni kule kuichomoa na kuirudisha, meno yakagusana upya. Pumzi yetu ina unyevu na mate, na unyevu huo ndio tunaoukimbia. Tumieni hiki, ufutio mweupe wa shuleni, ule laini. Kaseti ya Famicom ina meno 60, 30 kila upande. Unafuta kwa kufuata urefu wa jino, taratibu. Oneni ufutio unavyogeuka mweusi. Kisha pamba yenye alkoholi kidogo, unaacha ikauke. Dakika tano. Kaseti nyingi mnazoambiwa zimeungua ni chafu tu.

Umeme ndio uliowahi kuniumiza. Miaka ya nyuma nililetewa Famicom halisi ya Kijapani pamoja na adapta yake. Japani umeme wao ni volti 100, wetu ni 230. Sikusoma maandishi ya nyuma. Nikachomeka ukutani, ikatoa mvumo mzito, halafu harufu, halafu moshi. Adapta ikafa. Nililia kama nimefiwa, maana mashine ilikuwa ya watu. Lakini nilipoifungua nikakuta nzima, na ndipo nilipoanza kumheshimu mdudu huyu mwenye miguu mitatu, 7805. Mguu wa kwanza unapokea umeme unaoingia, wa kati ni ethi, wa tatu unatoa volti 5 kamili. Adapta ile kazi yake ilikuwa kutoa volti 10. Siku ile ilitoa zaidi ya mara mbili ya hapo, na mdudu huyu anavumilia hadi 35. Alipata joto kali, akazuia. Kwa hiyo mashine yoyote ya kaseti ikikujia imekufa, kabla hujagusa kingine weka testa kwenye mguu wa tatu. Ukisoma 5, matatizo yako mbele. Ukisoma sifuri wakati wa kwanza una umeme, badilisha 7805. Bei yake ni ya soda. Na mteja mwambie achomoe adapta umeme ukikatika, maana unaporudi huwa unarudi kwa kishindo.

Niliahidi kusema kwa nini mashine hufa kabatini. Ni kapasita hizi za mkebe. Ndani zina karatasi iliyoloweshwa maji ya kemikali, na maji hayo hukauka au huvuja. Joto huharakisha: kila likipanda nyuzi 10, maisha ya kapasita hupungua karibu nusu. Kwa hiyo usiweke mashine juu ya kabati chini ya bati. Weka chini, palipo poa. Na kapasita inayopata umeme mara kwa mara hudumu vizuri kuliko iliyosahaulika, basi washa hata mara moja kwa miezi miwili.

PlayStation 2 sitaisema sana, vibanda vyetu vya gemu vimeijaza mji mzima. Ilitoka Machi 2000 na ziliuzwa zaidi ya milioni 150, kwa hiyo spea zipo. Tatizo lake hapa ni vumbi kwenye lenzi. Safisha kwa pamba kabla ya yote. Kuna mafundi wanazungusha ile skrubu ndogo ya kuongeza nguvu ya leza, CD inasoma siku hiyohiyo, mteja anafurahi na kulipa. Baada ya miezi michache leza imeisha kabisa. Nawaomba msifanye hivyo. Mtu amekuamini na chombo chake.

Kuhusu kompyuta. Mwanafunzi mmoja aliniuliza mbona Uingereza kila fundi wa rika langu alianza na kompyuta ya nyumbani ya miaka ya themanini, na hapa kwetu huzikuti hata kwenye skrepa. Jibu moja ni kwamba mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na kizazi kizima kikakua bila kuziona. Ndiyo maana kila kompyuta ya zamani iliyopo Tanzania ni adimu kuliko tunavyodhani. Tangu ofisi zilipoanza kuhamia Dodoma kwa wingi, mwaka 2016 na kuendelea, nimeona mashine nzee zikiuzwa kwa kilo. Ukiipata kompyuta ya zama za chipu za 386 au 486, kimbilia kitu kimoja: betri ndogo ya bluu yenye umbo la pipa, kwenye bodi, karibu na tundu la kuchomeka kibodi. Ikate siku hiyohiyo. Ikivuja, majimaji yake hutafuna shaba. Ikiwa imeshavuja, pangusa kwa siki kidogo, kwa kuwa majimaji hayo ni alkali, kisha maji safi, kisha alkoholi, anika.

Nimalizie na hili chogo, maana kuna dogo hapa mbele ameikodolea macho bastola hii ya gemu ya kuwinda bata tangu nimeanza. Ameniambia kwao wanayo, lakini haiui bata. Nikamuuliza TV yenu ikoje, akasema ni bapa. Sikilizeni. Bastola hii haitoi kitu. Ina jicho mdomoni. Ukivuta kifyatulio, kioo chote kinakuwa cheusi kwa sehemu ya 50 ya sekunde, halafu pale alipo bata panatokea kisanduku cheupe. Jicho likiona giza kisha mwanga, umempata. Chogo huchora picha mstari kwa mstari, karibu mistari 15,600 kwa sekunde, na jicho limefundishwa mpigo huo. TV bapa haina mpigo huo, na picha yake huchelewa. Bastola yenu nzima, mdogo wangu. TV ndiyo haiwezi.

Kwa hiyo msitupe machogo. Nileteeni, hata la Mpwapwa, hata la Kondoa, nitalifuata. Ila msiyafungue wenyewe: ndani mnakaa zaidi ya volti 20,000, na nyingine hubaki hata ukishachomoa waya ukutani.

Kaseti yetu imekauka. Naichomeka. Haya, imewaka. Njoo dogo, simama hapo kwenye alama ya chaki. Una risasi tatu.