Bushi za raba au za poli? Tazama hii kabla hujakaza bolti

Haya wadau, karibuni, leo ni bushi tu, vile vipande laini vinavyokaa pale amu, yaani mkono wa chuma unaoshika tairi, inapoungana na chasi. Mnaniuliza kila siku nifunge raba au poli, sasa nimeziweka zote mezani mzione. Hii nyeusi ni ya raba, na hii ya vipande viwili yenye bomba lake la chuma katikati ni poliuretani, sisi mafundi tunaita poli tu tusiumwe ulimi. Mimi nauza zote, kwa hiyo ukichukua yoyote nakula, nitakwambia ukweli.

Sogea karibu uone. Kwenye ya raba, raba yenyewe imegandishwa na chuma cha ndani na chuma cha nje, haizunguki hata kidogo, amu ikipanda raba inajinyonga, ikishuka inajinyonga kurudi. Hapo ndipo ulaini unapotoka, mtetemo wa barabara unaishia humo. Ya poli haijagandishwa popote, inazunguka juu ya hili bomba, na ni ngumu zaidi, kwa hiyo tairi linakaa pale ulipoliweka hata ukipiga breki kali au ukikata kona kwa spidi, ila kila kokoto utaisikia kwenye usukani. Na tafadhali msinunue poli kwa rangi, eti nyekundu ndiyo ngumu, kila kiwanda kina rangi zake, soma namba ya ugumu kwenye boksi.

Gari la kwenda kazini na kubeba watoto weka raba, wala usijadiliane na mtu. Kama unapenda kukimbiza, poli kwenye stabilaiza, ile fito inayozuia gari kulala kwenye kona, na amu za chini za mbele utafurahi. Lakini amu za nyuma zile zinazopanda huku zinajipinda pembeni, mimi poli siweki, raba inakubali kupinda kila upande, poli inataka kuzunguka upande mmoja tu, ukiilazimisha inabana na gari linakuwa gumu la ajabu. Faida nyingine ya poli, mafuta ya injini yakiivujia haijali, raba ikilowa mafuta inavimba na kulegea.

Haya, jeki, stendi, tairi nje, hayo mnayajua. Usiingie chini bila stendi.

Hii ya zamani ioneni, naingiza mtaimbo hapa nasukuma... mnaona ufa unavyofunguka? Na huu unga mweusi ni raba imesagika. Gari hili lilikuwa linagonga ukishika breki na tairi limelika upande wa ndani.

Natoa bolti. Nati imetoka, bolti sasa... ngoja. Inazunguka ila haitoki. Kutu imeishika na bomba la ndani la bushi. Nakata video kidogo.

Nimerudi, nimepaka mafuta ya kutu nikasubiri, halafu unaizungusha mbele nyuma, mbele nyuma, taratibu, usiipige nyundo kwenye meno yake utaiharibu. Imetoka.

Kabla hujaitoa bushi chukua maka pen, angalia haya matundu ya kwenye raba yanaelekea wapi, weka alama kwenye amu. Yako pale kwa sababu, upande wenye tundu ni laini na ule mwingine mgumu, ukiigeuza gari linabadilika tabia. Kisha presi, mashine ya kusukumia, sukuma, imetoka. Kuna wanaochoma raba kwa moto, ule moshi ni sumu, achaneni nao. Mpya unaiingiza kwa presi hivyohivyo, unalainisha kwa maji ya sabuni, sio grisi ya kawaida, grisi ya petroli inakula raba.

Wa poli nyie mnapumua, vipande viwili vinaingia kwa mkono au kwa jiliwa. Ila someni karatasi ya kwenye pakiti, kuna seti zinazotaka ganda la chuma la nje la bushi ya zamani libaki na nyingine zinataka litoke, ukilitoa wakati lilitakiwa libaki bushi itacheza. Grisi tumia ile iliyokuja nayo, paka ndani, paka juu ya bomba, paka na huku pembeni panaposuguana na chasi. Ukibana matumizi hapo gari litalia kama kitanda cha chuma.

Sasa nisikilizeni wa raba. Amu nimeirudisha, bolti nimeichomeka, nati nimeifikisha kwa mkono. SIKAZI. Amu inaning'inia, ukikaza hapa umeigandisha raba ikiwa imening'inia, ukishusha gari inajinyonga kabla hata hujaondoka, na kila tuta inajinyonga zaidi. Gari moja lilikuja hapa bushi mpya kabisa zimechanika, na kisa ni hicho, lilikazwa likiwa hewani.

Kwa hiyo naweka jeki chini ya amu, napandisha mpaka amu ikae kama gari liko chini kwenye matairi, hapo ndipo nakaza, na kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza, namba iko kwenye kitabu cha gari. Narudia kwa yule anayeruka video, usikaze ikining'inia. Ya poli haina shida hiyo kwa sababu inazunguka.

Jamani taa imezima. Imerudi. Upande wa pili ni vilevile sirekodi, na usibadilishe upande mmoja ukaacha mwingine, gari litavuta. Ukimaliza peleka gari alaimenti, kupimwa mkao wa matairi, siku hiyohiyo, maana amu ikifunguliwa vipimo vya tairi haviko tena pale vilipokuwa. Mwenye gari la amu za alumini anisubiri, ile ya kuweka kwenye presi ina mambo yake, naitengenezea video peke yake.