Ukigonga Kichwa, Usisubiri Damu Ionekane

Wazee wangu mnaotumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, shikamooni. Mlionisikia Kongwa na Bahi mnajua naanzia wapi: kichwani.

Mzee mmoja wa Chamwino, mwenye vali ya chuma kwenye moyo, alianguka na bodaboda akienda mnadani. Akainuka mwenyewe, akajipangusa vumbi, akalipa nauli. Kichwani nundu tu, hakuna hata mchubuko. Usiku kichwa kikamgonga, mjukuu akatumwa duka la dawa, akarudi na diklofenaki. Siku ya tatu mzee anawaita wanawe kwa majina ya wajomba zao, mguu wa kushoto anauburuta. Nyumbani wanasema uzee huo. Uzee wa siku tatu, jamani? Ilikuwa damu inavuja taratibu kati ya fuvu na ubongo. Mzee anatumia warfarini, kwa hiyo damu haikuganda upesi, na ile diklofenaki ikazidi kudhoofisha chembe za damu zinazoziba mshipa uliopasuka. Alipasuliwa, akapona, lakini anatembelea mkongojo.

Najua mama pale nyuma anawaza: basi bora niziache hizi dawa. Hapana, mama yangu, hapana kabisa! Vali ya chuma bila warfarini hukusanya mabonge ya damu, na bonge likifika ubongoni ni kiharusi. Usiache, usiruke dozi, usijipunguzie. Ila ukigonga kichwa, hata kama hujapasuka, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukifika mapokezi, kabla hujataja kijiji wala bima, sema: "Natumia dawa ya kuzuia damu kuganda." Wakijua, watapima INR, yaani kipimo cha damu inavyochelewa kuganda, na kupiga picha ya CT ya kichwa. Damu ikiwa inavuja, vya kuisaidia igande vipo: vitamini K ipo, plazma, yaani maji ya damu, ipo. Wasipojua, watakupa panadol na kukurudisha nyumbani. Na kadi yako ya kliniki ikae mfukoni, siyo kabatini, maana aliyezimia barabarani hajielezi.

Muda umeniishia, haya nayapitia mbio. INR kwa wengi ni kati ya 2 na 3, wenye vali za chuma mara nyingi juu kidogo. Mchicha na mlenda, nazo zina vitamini K, kuleni, ila kwa kiasi kile kile kila wiki. Flagyl na Septrin huipandisha INR, msinunue bila kuuliza. Mabinti mnaotarajia mimba, nioneni kabla ya kuondoka. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Sasa, aliyekuja na kadi yake ainyanyue juu niione.