Sarkoma ya Mguu: Je, Ni Lazima Ukatwe?

ANETH: Wasikilizaji, karibuni katika kipindi chetu kutoka hapa Moshi. Daktari Elia, mtu akiambiwa ana sarkoma ya paja, yaani saratani ya misuli, mafuta au tishu nyingine laini, ukoo mzima huuliza kama mguu utakatwa.

ELIA: Na kwa wagonjwa wengi jibu ni hapana, dada Aneth. Mwaka 1982 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilitoa matokeo ya wagonjwa 43: kwa kura, 16 walikatwa kiungo, na 27 waliondolewa uvimbe pamoja na sehemu ya nyama yenye afya inayouzunguka, kisha wakapewa mionzi. Kufikia miaka 5, uwezekano wa kuwa hai ulikuwa asilimia 88 kwa waliokatwa na 83 kwa waliobakiziwa kiungo, tofauti ambayo kitakwimu haikuwa na uzito.

ANETH: Je, uvimbe haukurudi?

ELIA: Ulirudi palepale kwa 4 kati ya wale 27. Ni lazima tuwaeleze wagonjwa ukweli kwamba mionzi hupunguza sana uvimbe kurudi mahali pake, lakini haijaonyeshwa kurefusha maisha, kwa sababu kinachoua mara nyingi ni saratani iliyosambaa kwenye mapafu.

ANETH: Mionzi hiyo itangulie upasuaji au ifuate?

ELIA: Utafiti wa Kanada wa mwaka 2002 ulilinganisha grei 50 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kabla ya upasuaji na grei 66 baada yake. Waliotanguliza mionzi walipata matatizo ya kidonda kwa asilimia 35, na wenzao kwa asilimia 17.

ANETH: Basi si afadhali ifuate?

ELIA: Mimi hupendelea itangulie, ingawa wenzangu wengine hawakubaliani nami. Kidonda kinasumbua lakini kwa kawaida hupona, ilhali mionzi inayofuata upasuaji, yenye dozi kubwa kwenye eneo pana, huelekea kuacha nyama ngumu, goti lisilokunjika na mguu unaovimba. Mama wa Marangu anayeshuka mteremko kukata majani ya ng'ombe analihitaji goti hilo kila siku. Tena dozi ndogo humaliza wiki 5 badala ya 6 na zaidi, jambo zito kwa aliyepanga chumba Dar es Salaam ili atibiwe katika hospitali ya saratani ya Ocean Road.

ANETH: Na yule ambaye uvimbe wake umeshatolewa kwenye zahanati?

ELIA: Hapo ndipo ninapoumia. Uvimbe unaozidi sentimita 5, au uliojificha ndani ya misuli, upigwe picha na uchukuliwe kinyama kwa sindano kwanza. Ukikatwa kwa kudhaniwa ni mafuta tu, tena kwa mkato wa kukingama badala ya kufuata urefu wa mguu, seli hutapakaa, na sisi hulazimika kuondoa kovu lote, pamoja na njia ya mpira wa kutolea damu.

ANETH: Baada ya matibabu?

ELIA: Kila baada ya miezi michache, hasa miaka 2 au 3 ya mwanzo, tunapiga picha ya kifua na kulipapasa kovu.