Unga Ulioonja Moto

Habari za mchana. Vichupa viwili vinavyopita mikononi mwenu vina unga wa titani, ile aloi yenye asilimia 6 ya alumini na asilimia 4 ya vanadi. Nimevifunga, naomba msivifungue. Unga huu ukitimka hewani ukakutana na cheche, mada ya leo itabadilika ghafla. Viinamisheni tu polepole, mwone unavyoteremka. Kimoja ni unga mpya kutoka kiwandani, kingine umepita mashineni mara nyingi. Kila mtu achague kimoyomoyo upi ni upi. Nitauliza baadaye.

Mashine yenyewe, ile ya kuchapisha vifaa vya metali kwa 3D, mmeshaiona kwenye picha. Inatandaza tabaka la unga lenye unene wa mikromita 30 hadi 60 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), leza inayeyusha mchoro wa tabaka hilo, sahani inashuka kidogo, tabaka jingine linatandazwa. Kazi ikiisha, kifaa kimezikwa ndani ya unga ambao leza haikuugusa. Mara nyingi unga huo uliobaki ni mwingi kuliko uliogeuka kuwa kifaa, na bei yake hairuhusu mtu kuumwaga. Kwa hiyo tunaukusanya, tunauchekecha, tunaurudisha.

Hapo ndipo kila mgeni wa karakana huuliza: unga huu unatumika mara ngapi?

Muulizeni mama anayekaanga mihogo kituo cha basi: mafuta haya umeyatumia mara ngapi? Hana jibu, na si kwamba anakuficha. Jana alibakiza nusu karai, leo asubuhi kajazia mapya, kesho atajazia tena. Ndani ya karai moja kuna mafuta ya leo na mafuta ya Jumatatu. Mkaangaji mzuri hahesabu siku. Anatazama rangi, ananusa, anaangalia povu. Unga wetu ni hivyo hivyo, ila hauna harufu ya kutuonya.

Kinachouzeesha unga wa titani ni oksijeni. Titani ikiwa ya moto huimeza oksijeni mpaka ndani ya mpangilio wa atomi zake, na ikishaimeza haitoi. Huwezi kuichekecha ikatoka! Metali inakuwa ngumu zaidi, na ikizidi inaanza kuvunjika kama kaukau. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa unga wa aloi hii hii uliotumika mara 21 katika mashine inayoyeyusha kwa mwale wa elektroni badala ya leza. Oksijeni ilipanda kutoka asilimia 0.08 hadi 0.19. Nguvu ya kuhimili kuvutwa nayo ilipanda, jambo ambalo mwanafunzi asiye makini angelishangilia.

Sasa angalieni hiyo 0.19. Daraja la kawaida la aloi hii, daraja la 5, linaruhusu oksijeni hadi asilimia 0.20. Unga umefaulu, kwa kubanana. Daraja la 23, linalotumika sana kwenye vipandikizi vya mwilini, mwisho wake ni 0.13. Unga umeanguka siku nyingi. Kopo ni lile lile, kwa kazi moja ni halali, kwa nyonga ya mgonjwa ni marufuku.

Turudi kwenye kujazia. Naandika ubaoni mfano wa kutunga: unga mpya una oksijeni ya asilimia 0.10, kila mzunguko unaongeza 0.005, na kila mara tunajazia mpya asilimia 20. Fuateni hesabu mpaka mchoke, hautavuka 0.125. Sasa jazieni asilimia 10 tu. Unaelekea 0.15, na mstari wa 0.13 unauvuka kwenye mzunguko wa 9. Nani anaamua ujazie kiasi gani? Ukubwa wa kifaa, kwa sababu unajazia kile kilichotumika. Ndiyo maana karakana yenye vioda vidogovidogo huzeesha unga haraka kuliko yenye kazi kubwa. Na hesabu hii ni ya wastani. Ndani ya kopo bado zimo chembe zilizokuwemo tangu siku ya kwanza.

Halafu kuna matone. Leza inapopiga, metali iliyoyeyuka huruka kama mafuta ya moto karaini, matone yanapoa yakiwa njiani na kuangukia unga mzima. Mengi ni makubwa kuliko chembe za kawaida, na yamebeba oksijeni zaidi. Chekeche linakamata makubwa. Madogo yanapita pamoja na wengine, kama mgeni asiyealikwa aliyevaa kanzu nzuri.

Metali nyingine zina tabia zake. Chuma cha pua ni kivumilivu. Alumini huogopa unyevu: maji yaliyoshika chembe yanatoa hidrojeni, na hidrojeni inaacha vitundu ndani ya kifaa. Kwa hali ya hewa ya Dar es Salaam au Mombasa, hilo la unyevu mliwekee mstari mwekundu chini.

Miaka ya nyuma nilipokuwa najifunza kazi, nilikuta kopo lililojaa unga safi kabisa, lebo imebanduka. Nikashauri tuutumie. Msimamizi hakunijibu, aliandika TAKA kwa kalamu nene akaondoka. Nilinuna siku nzima. Leo ningefanya kama yeye: kila kopo na daftari lake, lilichanganywa na nini, lini, lilikaa ndani ya mashine gani, na sampuli itolewe baada ya kuchanganya vizuri, si kuchota juu.

Haya, vichupa. Waliochagua kichupa cha kushoto kuwa ndicho chenye unga mpya? Naona mikono mingi, kwa kuwa unateremka kama maji. Huo ndio mkongwe. Kuchekechwa na kuhamishwa mara kwa mara kumeondoa vumbi jembamba na vichembe vilivyogandamana, ndiyo maana unatiririka vizuri kuliko ule mpya unaokwamakwama kwenye kichupa cha kulia. Oksijeni yake tutaipima pamoja kesho saa tatu asubuhi. Njooni na miwani ya usalama.