Jinsi ya Kutambua Huipil ya Kufumwa kwa Mkono na Mji Ilikotoka

Karibuni watazamaji. Hizi mnazoziona mezani ni huipil, blauzi za wanawake wa Kimaya wa Guatemala na kusini mwa Meksiko. Masoko yamejaa za kuchapwa kiwandani, kwa hiyo leo tunajifunza kuzitofautisha.

Kwanza, angalieni pindo. Nasogeza kamera hapa: uzi wa mshindio, yaani ule unaopita kwa upana, unafika ukingoni, unageuka, unarudi. Mkasi haujapita. Mfumaji hufunga ncha moja ya mtande, yaani nyuzi za urefu, kwenye mti au nguzo, ncha ya pili kwenye mkanda unaozunguka kiuno chake. Akitaka nyuzi zikaze, anaegemea nyuma. Kitambaa kinaweza kutoka na pindo pande zote nne.

Pili, tafuteni maungio. Upana wa kitambaa hiki hauwezi kupita pale mikono ya mfumaji inapofika, ndiyo maana huipil nyingi ni vipande viwili au vitatu vilivyoungwa. Mshono wa kuungia huitwa randa, na mara nyingi hushonwa kwa nyuzi za rangi uwe pambo.

Tatu, igeuzeni ndani nje. Hapa msiharakishe. Ndege huyu mwekundu hakutariziwa. Nyuzi zake zilipenyezwa kwa vidole katikati ya mtande, mstari baada ya mstari, kitambaa kikiwa bado kinafumwa. Kwa nyuma mtaona vipande vya uzi vikifuata mistari ileile iliyonyooka. Ya kuchapwa, nyuma imepauka tu. Sasa tazameni hii ya San Antonio Aguas Calientes: maua yanafanana mbele na nyuma, huwezi kujua ndani ni wapi. Kwangu mimi, hakuna ufundi unaoishinda.

Tarizi nayo isiwatie shaka. Santiago Atitlán, kando ya ziwa, wanawake hutarizi ndege kwa sindano juu ya kitambaa cha mistari. Yucatán, kule Meksiko, huipil ni nyeupe, maua yametariziwa shingoni na kwenye pindo la chini.

Nne, mji. Miale ya jua kuzunguka shingo: Chichicastenango. Safu za ndege, wanyama na watu: Nebaj, kwa Waixil, mojawapo ya makabila ya Kimaya. Nyeupe juu ya nyeupe, nyepesi hata mwanga unapenya: Cobán. Iinueni hivi dirishani, nakshi zitajitokeza. Ila msimhukumu mvaaji kwa nguo yake, maana wengi siku hizi huvaa ya mji mwingine kwa kuipenda tu.

Mkienda kununua, muulizeni muuzaji imefumwa mji gani na nani. Mwaka 2016 wafumaji wa Guatemala walifika hadi Mahakama ya Katiba kudai nakshi zao zilindwe, kwa kuwa wengine walikuwa wanazinakili na kuziuza bila wao kupata chochote. Huipil yenye nakshi nyingi huchukua miezi kufumwa. Mkimpata mfumaji mwenyewe, nunueni kwake, na bei msiikandamize.