Kamba Mbili za Makumbi: Mhadhara kuhusu Molekuli Zinazogeuzwa na Nuru

Wazee wangu, shikamooni. Walimu, wanafunzi, na kina mama mliotoka kubangua korosho mkaja moja kwa moja hapa, karibuni sana. Waliokosa viti wasogee mbele, kuna mkeka. Kabla sijaanza nina ombi moja: ile chupa ndogo pale dirishani, yenye maji ya rangi ya chungwa, asiiguse mtu. Mwenzake iko hapa mezani, nimeifunga kwa foili. Tutazirudia.

Nimekuja na kamba mbili za makumbi. Zimesokotwa na babu mmoja wa Mikindani ambaye amesokota kamba maisha yake yote. Ya kwanza kaisokota kama kawaida yake. Ya pili nilimwomba aisokote kinyume. Alinitazama, akacheka, akasema, "Mwanangu, mkono unakataa." Lakini akafanya.

Kijana, hebu njoo. Shika hii ya kwanza, isimamishe. Unaona nyuzi zinapanda kutoka chini kushoto kwenda juu kulia? Sasa igeuze, kichwa kiwe chini. Zinapandaje? Sema kwa sauti wenzako wasikie. Vilevile! Igeuze utakavyo, ilaze, ipindue, msokoto haubadiliki. Sasa iweke mbele ya kioo hiki. Mle ndani ya kioo unaiona ile kamba ya pili. Asante, ubaki nazo.

Molekuli nyingi ziko hivyo. Atomi ni zilezile, idadi ileile, zimeshikana kwa utaratibu uleule, ila moja ni taswira ya mwenzake kwenye kioo. Mimi huwaita mapacha wa kioo. Mwaka 1848 Louis Pasteur, kijana wa miaka 25, aliketi na koleo dogo akazichambua fuwele za chumvi ya asidi ya tartari, za kulia huku, za kushoto kule, kama mtu anavyochambua mchele kwenye ungo. Kila fungu likageuza nuru kuelekea upande wake.

Na mwili umekwisha kuchagua. Protini zetu zimejengwa kwa asidi amino za kushoto. Sukari iliyomo kwenye damu ni ya kulia. Kwa hiyo ukimpa mwili mapacha wawili, hauwapokei sawasawa. Wafugaji mnaijua levamisoli, dawa ya minyoo ya mbuzi. Hilo "leva" mwanzoni linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya kushoto. Kabla yake ilikuwepo tetramisoli, mchanganyiko wa mapacha wote wawili nusu kwa nusu. Ikaonekana kuwa kazi ya kuwakabili minyoo inafanywa hasa na yule wa kushoto. Maana yake mbuzi alikuwa anameza dozi ambayo karibu nusu yake ni mzigo mtupu.

Hapa niseme jambo kwa walimu wenzangu. Tukifundisha mada hii huwa tunataja thalidomidi, dawa iliyouzwa Ujerumani Magharibi kuanzia mwaka 1957 na kuondolewa mwishoni mwa 1961, baada ya watoto zaidi ya 10,000 duniani kuathirika tumboni mwa mama zao, wengi wakazaliwa na mikono na miguu isiyokua. Husemwa kwamba pacha mmoja alikuwa mwema na mwingine mbaya, na kama wangetenganishwa msiba usingetokea. Tusiwaambie watoto hivyo. Pacha hawa hugeukiana ndani ya mwili. Ukimeza mmoja, baada ya saa kadhaa unao wote wawili.

Sasa tuje kwenye vichocheo. Neno letu limetoka kwenye kuchochea moto, nami nalipenda, ila kuni huisha na kichocheo hakiishi. Kwa hiyo mimi humfikiria mshenga. Mshenga huenda nyumba hii, akarudi nyumba ile, akasogeza maneno mpaka yakakaribiana. Ndoa ikifungwa, yeye si bwana harusi wala bibi harusi. Anachukua mwavuli wake anakwenda kushughulikia posa nyingine. Kichocheo ndicho hicho: huharakisha mmenyuko wa kemikali, yaani molekuli kuungana au kubadilika, chenyewe kikabaki kilivyo.

Tatizo ni kwamba mshenga wa kawaida hana upande. Anakuletea mapacha nusu kwa nusu. Ukitaka pacha mmoja, sharti mshenga mwenyewe awe na mkono, wa kulia au wa kushoto, kama ambavyo mkono wa kulia hukaa vizuri ndani ya mkono wa kulia mnapoamkiana. Mmarekani William Knowles alimpata mshenga wa namna hiyo kwa kutumia metali ya rodi, na njia yake ikatumika kutengenezea L-dopa, dawa ya ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka. Alipata Nobel mwaka 2001 pamoja na Ryoji Noyori na Barry Sharpless. Mwaka 2021 ikawa zamu ya Benjamin List na David MacMillan, waliotumia washenga wasio na metali. Nawapita haraka kwa sababu namwendea mshenga ambaye wengi humu tumeshakutana naye mdomoni: kwinini.

Nani humu hajawahi kusikia masikio yakivuma kwa kwinini? Molekuli ileile yenye uchungu ule ina mkono. Kwenye Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi, profesa Hans Wynberg na mwanafunzi wake walichapisha mwaka 1981 jinsi alkaloidi, yaani kemikali chungu za mimea, za jamii ya kwinini zinavyoiongoza molekuli yenye salfa, aina ya thioli, ijishikize kwenye pete ya saikloheksenoni kwa upande mmoja zaidi ya mwingine. Ukimtumia ndugu yake, kwinidini, upande unabadilika. Ikumbukeni hiyo thioli na hiyo pete.

Wynberg alikuwa na mwanafunzi mwingine aliyepata udaktari wake mwaka 1978, Ben Feringa. Alizaliwa mwaka 1951 kwenye shamba, kijiji cha Barger-Compascuum, mtoto wa pili kati ya kumi. Ninyi wa kutoka Newala na Tandahimba mnaolima na wazazi msimu wa korosho, nimelitaja hilo shamba kwa ajili yenu. Mwaka 1999 Feringa na wenzake walionyesha molekuli inayozunguka upande mmoja tu, ikisukumwa na nuru na joto, na mwaka 2016 akapata Nobel pamoja na Jean-Pierre Sauvage na Fraser Stoddart.

Nuru inaigeuzaje molekuli? Hiyo hata macho yenu yanafanya sasa hivi. Nyuma ya jicho kuna retinali, inayotokana na vitamini A, ile ya maembe na mchicha. Imepinda kama kiwiko. Chembe ya nuru ikiigonga, inanyooka, kwa muda ulio chini ya sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Kuona kote kunaanzia kwenye kunyooka huko.

Mimi nilikutana na jambo hili kwa taabu. Nikiwa mwanafunzi nilitengeneza azobenzini: pete mbili za kaboni, katikati naitrojeni mbili zimeshikana. Kuipima usafi, unadondosha tone kwenye kibamba chenye silika, unasimamisha kibamba kwenye kiyeyushi, kiyeyushi kinapanda na kuibeba. Kitu safi huacha doa moja. Yangu ikaacha mawili, moja juu, moja chini, yote ya manjano. Nikaambiwa haijatakata. Nikaisafisha. Mawili. Nikaisafisha tena, na tena. Mawili. Wiki nzima sikulala vizuri. Halafu siku moja nilichelewa, nikayeyusha fuwele mpya jua limeshazama, nikapima kwa taa hafifu. Doa moja! Meza yangu ilikuwa dirishani. Kumbe sikuwa na uchafu wowote. Nilikuwa na molekuli moja yenye maumbo mawili. Gizani imenyooka, urefu wake kama nanomita 0.9, na nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Juani sehemu yake inajikunja, inabaki kama nanomita 0.55. G. S. Hartley aliligundua umbo hilo lililojikunja mwaka 1937, naye pia kwa kuiweka juani. Ningejua hivyo mapema ningelala.

Sasa tuunganishe. Kijana, simama na kamba zako. Mwaka 2011 Jiaobing Wang na Feringa walichukua molekuli ile inayozunguka, ambayo ina nusu mbili zilizojisokota kama kamba hizo. Kwenye nusu moja wakapachika kipande chenye tabia ya besi, ile kinyume cha asidi, kwenye ya pili kipande cha thiourea, chenye salfa na naitrojeni. Ni mshenga mmoja aliyegawanywa: kila nusu peke yake haifiki mbali. Mwanzoni vipande viko mbalimbali. Mmenyuko unakwenda polepole na mapacha wanatoka nusu kwa nusu. Wakaimulika kwa urujuanimno. Vipande vikakaribiana, na msokoto ukawa wa kushoto: kasi ikapanda, karibu robo tatu ya zao ikawa pacha mmoja. Wakaipasha joto. Vipande bado viko karibu, lakini msokoto umegeuka wa kulia: sasa karibu robo tatu ni pacha wa pili. Na mmenyuko walioutumia ni upi? Thioli na pete ya saikloheksenoni, uleule wa kina kwinini, miaka 30 baadaye.

Babu wa Mikindani alipotaka kamba ya kinyume, ilimbidi achukue makumbi mengine aanze upya. Hapa ni kamba ileile, imefumuka na kujisokota upande wa pili kwa nuru na joto. Robo tatu haitoshi kutengeneza dawa, hilo niseme wazi. Mshenga wa Knowles yuko mbali zaidi. Lakini huyu ni mshenga anayebadili mkono kwa amri ya nuru na joto.

Mama mmoja kaniuliza pale nje, hivi vitu vina uhusiano gani na korosho. Mama, nyoosha mkono wako tuuone. Mnauona weusi huo kwenye vidole, na ngozi iliyobabuka? Hayo ni mafuta ya ganda, na ndani yake mna asidi ya anakadi. Ukiipasha joto inatoa kaboni dayoksaidi, inabaki kadanoli: pete moja yenye mkia wa kaboni 15. Kwenye pete hiyo unaweza kupachika naitrojeni mbili na pete nyingine, ukapata ndugu wa azobenzini, na wakemia wamekwisha kufanya hivyo. Korosho zetu nyingi zinapanda meli zikiwa na maganda yake. Mimi linaniuma. Pete zile zinaondoka bila kuguswa na mwanafunzi hata mmoja wa hapa.

Haya, muda umekwenda. Chupa ya dirishani, yenye azobenzini, imepata jua la Mtwara tangu nilipoanza kusema. Ya mezani imebaki gizani. Vibamba viko hapa, kiyeyushi hiki. Vaeni glovu kwanza, hii si kitu cha kugusa kwa mkono mtupu. Tone la juani tutalitia kulia, la gizani kushoto. Nani anaanza?