Jina la Babu kwenye Cheti cha Salma

ZUHURA: Karibuni tena. Kaka Athumani, wasikilizaji wanajua kwamba nilijifungua hapa Leicester wiki saba zilizopita, lakini hawajui kwamba Jumanne, nilipokwenda ubalozi wetu kumwombea binti yangu Salma pasi ya Tanzania, nilirudishwa dirishani nikiwa nimempakata, kwa sababu nilibeba cheti kifupi cha kuzaliwa, ambacho hakina majina ya wazazi.

ATHUMANI: Pole sana, dada. Bila majina ya wazazi, uraia wake ungeuthibitishaje? Tangu tarehe 1 Januari 1983, kuzaliwa Uingereza peke yake hakumpi mtoto uraia. Lazima mzazi mmoja awe raia au awe na ukaazi wa kudumu, nanyi mna viza za kazi. Salma ni Mtanzania kwa kurithi, kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, kwa kuwa ninyi ni raia wa kuzaliwa.

ZUHURA: Na huo ndio uraia ninaomtakia. Nilirudi na cheti kirefu, likazuka jingine. Mume wangu ni Juma Hamisi Bakari, na mtoto nimemwandikisha Salma Juma Hamisi: jina lake, la baba, la babu. Karani alipoona kwamba pasi ya baba inamtaja Bakari kuwa jina la ukoo, aliniuliza kwa nini mtoto hana jina hilo.

ATHUMANI: Hapo mimi nasimama na karani. Ungeandika Bakari. Mpwa wangu alimaliza kidato cha nne kwa majina yasiyolingana na cheti chake cha kuzaliwa, na mpaka leo kila anapoomba kazi hutembea na hati ya kiapo.

ZUHURA: Mpwa wako ana majina mawili tofauti katika karatasi zake mwenyewe, Salma ana moja tu. Kwetu jina la mwisho husogea kila kizazi. Bakari ni babu yake Juma, aliyekwisha kufariki, ilhali Mzee Hamisi yuko hai Pangani, na kila siku anauliza mjukuu wake anaitwaje. Msajili wa hapa, tuliyemwendea ndani ya zile siku 42 za kisheria, alituachia tuchague wenyewe.

ATHUMANI: Msajili hatakuwepo uwanja wa ndege, dada, siku utakaposafiri na mtoto ambaye jina lake la mwisho si lako wala la baba yake.

ZUHURA: Nitabeba cheti kirefu na cheti cha ndoa. Ni afadhali nijibu maswali kuliko kumfuta babu kwa sababu fomu ina nafasi moja.

ATHUMANI: Ukiandika Bakari hujamfuta babu, yumo katikati ya jina la baba. Sijakubali.

ZUHURA: Wala mimi.

ATHUMANI: Tumebakiwa na dakika mbili, na tulipanga kueleza maombi ya pasi, viza ya mtoto ya kurudia Uingereza, na uamuzi wa kuchagua uraia mmoja utakaomkabili akipata uraia wa pili kisha akatimiza miaka 18. Hatutayafikia. Niseme moja tu: raia wa kurithi hamrithishi mtoto aliyezaliwa nje, hivyo Salma naye akijifungulia ugenini, mjukuu wako hatarithi Utanzania kupitia kwake.

ZUHURA: Hilo limenikaa moyoni tangu Jumanne, kaka. Alhamisi narudi dirishani, na ombi la pasi limeandikwa Salma Juma Hamisi.